Serikali Haikuletwa na Meli

Kuna sentensi tatu nimechoka nazo. Ziko kwa komenti, ziko kwa matatu ya kutoka Likoni kuja Ukunda, ziko hadi kwa watu wenye digrii.

Ya kwanza: "Bila serikali tungekuwa tunakulana kama wanyama."

Ya pili: "Sisi hatukuwa na serikali, mzungu ndio alileta."

Ya tatu, na hii ndio sumu yenyewe: "Watu wetu hawaendi bila kiboko."

Ukiziskia harakaharaka utadhani ni maneno ya kupitisha muda tu. Lakini hebu ziunganishe. Kama bila serikali sisi ni wanyama, na hiyo serikali tuliletewa, na bila kiboko hatuendi, basi ujumbe ni mmoja: wewe kijana wa Msambweni, wa Diani, wa Kwale mjini, huna haki ya kuuliza kitu. Shukuru umetawaliwa. Lipa, nyamaza, nenda kwenu.

Mimi nasema zote tatu ni uongo. Na ushahidi hauko mbali, mwingine uko kilomita chache kutoka barabara ya Diani Beach. Posti ni ndefu, najua. Chukua mahamri na mbaazi zako, kaa chini, tuzivunje moja moja.

UONGO WA KWANZA: BILA SERIKALI TUNGEKULANA

Tuanze na hesabu. Mifupa ya zamani zaidi ya binadamu kama sisi iliyowahi kupatikana, ile ya Jebel Irhoud kule Morocco, ina umri wa karibu miaka 300,000. Serikali zenye mfalme, karani, mtoza kodi na askari zina miaka kama 5,000 hivi. Sasa chukua hiyo miaka 300,000 uifanye siku moja, kutoka saa sita usiku mpaka saa sita usiku. Serikali ya aina hiyo inaingia lini? Saa tano na dakika 36 usiku. Watu wamelala! Mchana wote, jioni yote, binadamu aliishi bila ikulu, bila kituo cha polisi, bila mheshimiwa.

Kama ni kweli bila mheshimiwa tunakulana, tungekuwa tumeisha kabla ya adhuhuri.

Hapo Kilifi kuna pango linaitwa Panga ya Saidi. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza walichokipata humo: kaburi la mtoto wa kama miaka mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Hilo ndilo kaburi la zamani zaidi la binadamu linalojulikana Afrika nzima. Huyo mtoto alilazwa ubavu, miguu imekunjwa, na kichwa kilionyesha kama kiliegemezwa kwenye kitu laini. Yani kuna watu walikaa, wakachimba, wakamlaza vizuri kama analala. Hakukuwa na chifu wa kuwaamrisha. Haya, niambie tena kuhusu wanyama.

Na usiseme hiyo ni zamani sana hatuwezi kujua waliishi vipi. Wahadza wapo mpaka leo, kule Ziwa Eyasi, Tanzania. Ni wawindaji na wachumaji, na hawana chifu wa jadi. Nyama ya mnyama mkubwa inagawiwa kambi nzima. Mkikosana na mkashindwa kupatana, mmoja anahamia kambi nyingine. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Christopher Boehm, alikusanya habari za jamii nyingi ndogo za namna hii duniani, akaona kitu kimoja kinajirudia: mtu akianza kujifanya mkubwa, wenzake wanamshusha. Kwanza wanamcheka. Akizidi wanamgomea. Akizidi zaidi wanamfukuza. Hawakukosa utawala hao. Walikuwa wanatawala kwa zamu ya macho: kila mtu anamwangalia kila mtu.

Lile wazo la kukulana lina mwenyewe. Kuna Muingereza anaitwa Thomas Hobbes, mwaka 1651 alitoa kitabu akisema bila mtawala mwenye nguvu maisha ni vita ya kila mtu dhidi ya kila mtu. Lakini angalia alikuwa anaandika akiwa wapi. Alikuwa amekimbilia Ufaransa, kwao Uingereza kunachomeka kwa vita, mfalme na bunge wanauana. Huyo hakuwa ameona watu wasio na serikali. Alikuwa ameona serikali mbili ziking'ang'ania kiti kimoja! Halafu sisi tukaichukua hofu yake tukaifanya historia yetu.

SASA SERIKALI ILITOKA WAPI?

Kabla tuende uongo wa pili, lazima tujibu hili. Manake kama watu waliishi sawa tu, kwani serikali ilikuja ya nini?

Kuna njia nyingi, lakini mimi naona mbili kubwa. Njia ya ghala na njia ya kikao.

Njia ya ghala ndio ile ya vitabuni. Kule Uruk, Iraq ya leo, kama miaka 5,000 na kitu iliyopita, watu walianza kuandika kwenye vibao vya udongo. Unadhani waliandika nini? Mashairi? Barua za mapenzi? Vibao vingi vya mwanzo ni hesabu: shayiri kiasi hiki, pombe kiasi hiki, kondoo wangapi, nani amepewa posho, nani bado anadaiwa. Maandishi yalizaliwa yakiwa risiti.

Na kwa nini nafaka? Profesa mmoja, James Scott, alieleza vizuri kwenye kitabu chake cha 2017. Shayiri, ngano na mpunga huiva wakati mmoja, huonekana shambani, hupimika, hubebeka na hukaa ghalani. Mtoza kodi anakuja wakati wa mavuno, anahesabu, anabeba, anaenda. Sasa mletee muhogo. Muhogo uko chini ya ardhi. Unauchimba ukitaka, unauacha miezi ukitaka. Ukishachimbwa unaoza upesi. Utautoza kodi vipi? Ndio maana Scott anasema falme za kwanza zilizaliwa penye nafaka, hazikuzaliwa penye viazi na mihogo. Ukila muhogo wa nazi leo jioni, jua unakula chakula kilichowasumbua wafalme.

Kwa hiyo njia ya ghala ilileta serikali, ndio. Lakini haikuanza kwa huruma, ati watu wako taabani tuwasaidie. Ilianza kwa mtu kuona mavuno ya mwenzake na kujua namna ya kuyahesabu.

Njia ya pili ndio yetu, na ndio hawakutufundisha.

Miaka ya 60 mtafiti anaitwa Robert Soper alichimba karibu na mji wa Kwale, akapata vyungu vya wakulima wafua chuma wa miaka kama 1,800 iliyopita. Vyungu vya mtindo huo vimepatikana sehemu nyingi za pwani, mpaka Tanzania, na wataalamu wa dunia nzima wanaviita kwa jina letu: vyungu vya Kwale. Mlijua hiyo? Kuna watu wanasoma vyuo vikuu vya Ulaya wanataja Kwale kila siku, na sisi hapa tunaambiwa tulianza kuwa watu meli ilipotia nanga.

Sasa, pale Soper alipochimba alipata vyungu na mabaki ya kazi ya chuma. Hakupata kasri la mfalme. Lakini kulima na kufua chuma kunaleta maswali ambayo mwindaji hana. Msitu huu nani alifyeka kwanza? Mbuzi wako amekula mtama wangu, tunafanyaje? Mzee amekufa, shamba linaenda kwa mtoto wake au kwa mtoto wa dada yake? Mwindaji akikosana na mwenzake anahama. Mkulima hawezi kubeba shamba kichwani. Lazima mkae, mzungumze, mmalize.

Hapo ndipo serikali inazaliwa. Inazaliwa pale watu wameshindwa kuhama, na bado hawataki kuuana.

KAYA: SERIKALI ISIYOKUWA NA JELA

Wengi wenu mnazijua kaya kama msitu wa watalii. Mnaenda Kaya Kinondo, mnafungwa kaniki, mnaambiwa msivae kofia, msichukue hata jani, mnapiga picha pale mnaporuhusiwa, mnarudi. Sawa. Lakini pale mlikuwa mmesimama ndani ya makao makuu ya serikali.

Wazee wanasimulia kwamba Mijikenda walitoka Singwaya, huko kaskazini, wakajenga kaya kwenye vilima vya misitu. Wanahistoria wanabishana kuhusu hiyo safari, wengine wanasema watu walikuwa hapa hapa kitambo sana. Wacha wabishane. Muhimu kwetu leo ni vile kaya ilivyoendeshwa.

Kaya ilikuwa kijiji kimezungukwa na msitu mnene, unaingia kwa njia maalum zenye milango. Ndani kila ukoo una upande wake. Katikati kuna moro, mahali pa kikao. Na kuna fingo, kinga ya mji, iliyofukiwa chini. Wanaokaa moro ni kambi, au ngambi kwa Wadigo na Waduruma: baraza la wazee. Kesi inaletwa, watu wanasema, wanasema tena, mpaka wafike mahali pamoja. Mwenye kosa anatozwa faini, mbuzi au tembo la mnazi. Shahidi anaapishwa kiraho, na kiraho hakichezewi. Kosa likizidi, unatengwa au unafukuzwa.

Hakukuwa na jela wala jeshi la mshahara. Mzee hakuwa na watu wenye rungu wa kumtuma usiku kwa mtu aliyemkosoa. Wenye nguvu za kupigana walikuwa vijana wa rika, na hao ni watoto wa nyumba zile zile. Huwezi kumtuma kijana akampige mjomba wake kila wiki. Atakugeukia.

Kwa hiyo mzee alitawala kwa kitu kimoja: watu wakubali kumsikiliza. Wakikataa, wanaondoka. Na hilo lilitokea kweli. Katika karne ya 19, biashara ilipokua na vijana wakaanza kupata mali yao wenyewe, watu walitoka kaya kwa wingi wakafungua mashamba nje, na nguvu ya wazee ikapungua.

Na kaya haikuwa peke yake. Shuka kusini mpaka karibu na Vanga, kulikuwa na Vumba Kuu, mji wa Waswahili uliokuwa na mtawala wake, Diwani. Huyu alikuwa na fahari ya kitawala, siwa na ngoma zake. Mji wa bandari una shida tofauti na ya shamba: jahazi limekuja na bidhaa, mgeni anataka kujua hataibiwa, mwenyeji anataka kujua atalipwa. Pwani yetu hii hii fupi ilikuwa na mitindo miwili ya serikali inayofanya biashara pamoja: baraza msituni na Diwani bandarini. Halafu mtu ananiambia hatukuwa na serikali!

UONGO WA PILI: MZUNGU NDIO ALILETA

Haya. Tuseme tumekubali mzungu alileta serikali. Alileta serikali gani? Twende na tarehe.

Mwaka 1888, Imperial British East Africa Company ilipewa hati na malkia wa Uingereza kutawala eneo hili. Soma tena hilo jina. Kampuni. "Serikali" ya kwanza ya Muingereza hapa ilikuwa na wenye hisa waliosubiri faida. Ilikuwa na ruhusa ya kutoza ushuru, kuweka askari, kuhukumu watu. Faida haikuja, kampuni ikashindwa, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza yenyewe ikachukua.

Wakati huo huo, hapa Gasi, Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui aliingia vitani na hawa wageni. Simfanyi malaika, huyu alikuwa mtawala na mfanyabiashara wa enzi zake, na enzi hizo watu waliuzwa. Lakini vita vyake vya 1895 mpaka 1896 vinaonyesha kitu kimoja: watu hawakukaa ufukweni na mashada ya maua wakingoja serikali ishuke kwenye meli. Muingereza alilazimika kuleta wanajeshi kutoka India ndio amshinde, na Mbaruk akakimbilia upande wa Wajerumani.

Baada ya hapo, kodi ya nyumba, 1901. Mwaka 1902, sheria ya kuweka wazee wa vijiji wanaoteuliwa na serikali. Mtu anateuliwa na ofisa, analipwa na ofisa, anaogopa ofisa. Unaona walichobadilisha? Jina lilibaki "mzee", kazi ikageuka. Mzee wa kaya alikuwa anajibu kwa watu. Huyu mpya anajibu juu.

Na kaya walizifanya nini? Twendeni kwa ndugu zetu Wagiriama, maana huko ndiko ilikoandikwa wazi zaidi. Mwaka 1913, mwanamke anaitwa Mekatilili wa Menza alizunguka akiwaambia watu wasikubali kutoa vijana wao wakafanye kazi za mzungu wala kulipa kodi. Watu wakakusanyika Kaya Fungo wakala kiapo, wanaume chao, wanawake chao. Muingereza akamkamata Mekatilili akampeleka mpaka Kisii, karibu upande wa pili wa nchi. Akatoroka. Na Agosti 1914 serikali hiyo hiyo tunayoambiwa ililetwa kutustaarabisha ilienda Kaya Fungo na baruti ikalipua.

Jiulize. Kama kaya ilikuwa msitu wa mizimu tu, baruti ya nini? Hakuna mtu anayepoteza baruti kwa miti. Walilipua kwa sababu walijua pale ndipo serikali ilipo.

UONGO WA TATU: BILA KIBOKO HATUENDI

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika komenti: "Kwa hiyo unataka turudi kaya?"

Hapana. Na wale wanaopamba zamani kama pepo pia wanatudanganya. Kaya ilikuwa na dhambi zake. Wanawake hawakukaa kwenye ngambi, hata kwa Wadigo ambao urithi ulikuwa unapita upande wa mama. Ndio maana Mekatilili anatisha hivi mpaka leo: alisimama mahali ambapo hakuwekewa kiti. Vijana walipanda ngazi za rika polepole, na kila ngazi ilikuwa na malipo, mbuzi na tembo, kwa hiyo mwenye mali alisikika kuliko maskini. Njaa ikija, kuna watu waliwekwa rehani na ndugu zao wenyewe ili wengine wale. Sitaki kurudi huko. Hakuna msichana mwenye akili wa Ukunda anataka kurudi huko.

Ninachosema ni hiki: kiboko hakikuwa mwanzo wa serikali yetu. Kikao ndio kilikuwa mwanzo. Kiboko kilikuja baadaye, na tarehe yake tunaijua.

Na mtu akikwambia kiboko kinaleta amani, mwonyeshe Kwale na Kilifi ya leo. Tuna polisi, tuna machifu, tuna mahakama. Na bado wazee wenye mvi wanauawa wakisingiziwa uchawi, na ukifuatilia vizuri mara nyingi unakuta chini yake kuna shamba. Wajukuu wanataka kuuza, mzee hataki. Zamani hilo shamba lingejadiliwa kikaoni mpaka watu wachoke. Leo mzee anachinjwa usiku na asubuhi watu wanasema "alikuwa mchawi". Kiboko kipo, lakini kikao kimekufa. Pale ambapo watu hawaamini tena mahali popote pa kumalizia ugomvi, panga ndio linakuwa hakimu. Hiyo sio zamani ya giza, hiyo ni sasa hivi, na kwenye nyumba zenye simu janja.

Angalia pia ardhi ya kaya zenyewe. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya za Mijikenda, Kinondo ikiwemo, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tukafurahi, tukapost. Lakini miaka ya 90 tayari sehemu ya kisiwa cha Chale, ambacho ni kaya, ilikuwa imejengwa hoteli huku wazee wakipinga. Wazee walikaa kikao, karatasi ikakaa ofisini, karatasi ikashinda. Hilo ndilo tunaloliita maendeleo ya utawala?

KWA HIYO TUFANYE NINI

Neno "serikali" tumelichukua kutoka Kiajemi: sar ni kichwa, kar ni kazi. Mkuu wa kazi. Mitaani tumeligeuza tukasema ni "siri kali", na tunacheka, lakini kicheko hicho ni cha mtu aliyezoea kufichwa. Mimi nataka turudi kwenye maana ya kazi. Serikali ilianza kama kazi: kuamua nani amekosa, nani analima wapi, maji yanagawiwa vipi. Asiyefanya kazi hiyo sio serikali, hata akipita na magari kumi yenye ving'ora.

Na tazama, katiba yetu ya 2010 haisemi kitu kigeni. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa umma kuwa msingi wa utawala. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye mambo yake wazi na kushirikisha umma. Watu wanasema hayo ni mawazo ya kigeni ya kidemokrasia. Yakhe, hiyo ni moro! Ni moro iliyoandikwa kwa wino, na safari hii wanawake na vijana wana viti.

Shida ni kwamba sisi hatukai kwenye hivyo viti. Juni 2024 vijana wa Kenya nzima waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakapoteza maisha, na tarehe 26 rais akasema hatautia sahihi. Hiyo ilikuwa nguvu ya kweli. Lakini kaunti zetu zina bajeti kila mwaka. Makadirio lazima yafike bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya kupitishwa mnatakiwa kusikilizwa. Hicho kikao kikifanyika, ukumbini utakuta wazee kumi na watano, akina mama wachache, soda, na karatasi ya kusaini. Sisi tuko wapi? Tuko TikTok tunasema viongozi ni wezi.

Hapo ndipo yule mtu wa kiboko anashinda. Haitaji kutupiga. Anahitaji tu tusifike.

Kwa hiyo nawapa kazi, na kazi ndio maana ya neno lenyewe. Tangazo la kikao cha bajeti likitoka, piga picha, tuma kwa grupu la mtaa, grupu la timu, grupu la madrasa, grupu la kanisa. Nendeni watano watano. Msiende kutukana. Nendeni na maswali matatu tu. Zahanati yetu, barabara yetu, kisima chetu kimepangiwa shilingi ngapi? Nani aliamua hivyo? Na za mwaka jana zilifanya nini? Wasipojibu, andikeni ombi rasmi kwa bunge la kaunti, sheria ya kaunti inawapa hiyo haki. Sainini wote. Mpelekeni mtu mmoja mwenye sauti na mmoja mwenye hesabu.

Na ukikaa na babu au bibi yako, usimuulize tu dawa ya tumbo na hadithi za sungura. Muulize kesi za mashamba zilimalizwa vipi enzi zao. Nani alizungumza kwanza? Nani alinyamazishwa, na kwa nini? Andika. Rekodi. Yaliyo mazuri tuyachukue, yaliyo mabaya tuyaache huko huko.

Na mtu akikuandikia kwa komenti kwamba bila serikali tungekulana, usimtukane. Muulize swali moja tu: pale kwao, mara ya mwisho serikali kukaa chini na kumsikiliza ilikuwa lini?

Nasubiri majibu yenu hapo chini. Na mkisema mimi muongo, leteni tarehe.